Siku Mechlin Ilipotolewa Majini

Tagi yetu iliitwa Mechlin, kwa jina la mto unaomwaga maji yake baharini pale Buchanan. Ilikuwa mashua fupi, nene, yenye injini kubwa kuliko mwili wake. Kazi yake ilikuwa kuzipokea meli kwenye mlango wa bandari, katikati ya zile kuta mbili za mawe, na kuzisukuma taratibu hadi gatini. Nahodha wake alikuwa Jeremiah Garway, na fundi wa injini alikuwa Moses Tarplah. Mimi nilikuwa kwenye kikosi cha kamba. Meli ikisogea, wanakurushia kamba nyembamba, unaivuta mpaka inakuja ile nene kama paja, unaivika kwenye nguzo ya chuma. Kila meli iliyofunga Buchanan kwa miaka kumi na mmoja, mikono yangu ilikuwemo.

Garway na Moses walikuwa kitu kimoja. Garway ndiye aliyemsimamia Moses harusi yake, na mke wa Moses alipofariki kwa uzazi ni Garway aliyechimba kaburi, hakutaka kibarua. Mke wa Garway, Ma Oretha, Moses alimwita shemeji, na Jumapili baada ya kanisa alikuwa hana kwingine pa kula.

Vita vilikuja, vikaondoka, vikarudi. Treni ya kuleta mawe ya chuma kutoka milimani ikasimama, na reli zikang'olewa. Kreni tulizozipaka rangi kwa mikono yetu zikakatwa vipande na kuuzwa kama vyuma chakavu. Waliokimbia kutoka vijijini walihamia kwenye maghala, wakapikia palipokuwa na mizani. Mara ya mwisho bandari iliangukia mikononi mwa kundi la kijana mmoja aliyejiita Bila-Kesho. Jina lake la nyumbani ni Sylvester Paye, lakini wakati ule hukuthubutu kulitamka. Aliiacha Mechlin hai kwa sababu alikuwa na magogo ya kuuza na meli za kuyachukua zilihitaji kuvutwa. Garway na watu wake wakaendelea kufanya kazi chini ya bunduki.

Halafu zikaja habari kwamba meli za wanajeshi wa kulinda amani ziko njiani. Bila-Kesho akaamua kuziba mlango wa bandari. Akaagiza Mechlin ipelekwe katikati ya kuta mbili ikazamishwe pale. Mimi wakati huo nilikuwa nimejificha kwenye vinamasi na wanangu, kwa hiyo sikuona. Tulichokijua ni alichotusimulia Moses, maana kati ya watano waliokuwa kwenye tagi siku hiyo, ni yeye tu aliyefika ufukweni. Alisema Garway alikataa kuzamisha. Alimwambia Bila-Kesho kwamba bandari ikizikwa leo itawanyima chakula hata wajukuu wake yeye mwenyewe. Waasi wakamsukuma Garway, mabaharia wawili na mpishi kwenye chumba cha mbele, wakatoboa tagi kwa risasi, wakaondoka na boti yao. Maji yakaubana mlango. Moses alisema alipiga mbizi mara tatu kuufungua, mara ya tatu akapoteza fahamu.

Tulimwamini. Kwa nini tusimwamini? Alikuwa amekonda, anastuka mlango ukigongwa. Ma Oretha alimchukua kama mdogo wake. Kwa miaka mitatu, kila siku mchana, alimpelekea bakuli la wali na kisamvu kilichokolea mawese, na siku za neema kulikuwa na samaki wa moshi juu yake. Watoto wake wenyewe walikula baadaye. Mtu akimuuliza, alisema, "Huyu alimzamia mume wangu mara tatu. Nyie mlikuwa wapi?"

Amani ilipotulia, ikaja kampuni ya wageni kufufua bandari. Mhandisi mkuu alikuwa Mholanzi mrefu, mkimya, aliyeitwa Ruben. Waliwatoa watu maghalani, wakajenga uzio, wakaweka taa, wakaanza kuchota mchanga uliojaa gatini. Kibarua kilitafutwa na mji mzima. Na aliyepewa kandarasi ya kuleta vibarua alikuwa Bila-Kesho. Alikuwa amesalimisha bunduki, akapewa cheti, akanunua shati la mikono mirefu. Sasa tulimwita Chifu. Asubuhi alisimama langoni na orodha yake, na asiyesomwa jina alirudi nyumbani. Aliyavuta maneno kwa furaha aliposoma majina ya watu aliowahi kuwachapa. Mimi alinisoma siku ya nne. Nilimshukuru.

Lakini hakuna meli iliyoweza kuingia. Mechlin ilikuwa imelala mlangoni, na mpaka iondoke yote yalikuwa bure. Ruben akaleta wazamiaji. Mpango wao ulikuwa kuikata vipande huko huko chini na kuviburuta hadi kwenye kina kirefu.

Ma Oretha aliposikia, alivaa nguo ya kanisani akaenda ofisini kwa Ruben. Aliomba tagi itolewe nzima ili watu wake wazikwe. Ruben alisema atafikiria, kisha akamwita Moses, ambaye alikuwa ameajiriwa tayari kama mtu wa pekee mwenye ujuzi wa tagi, amweleze ilivyo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kamba begani. Tulitegemea Moses angeunga mkono. Badala yake alisema chuma kimeoza, kikiinuliwa kitakatika na kuua watu, kwa hiyo ni bora kikatwe. Ma Oretha akamuuliza kama amesahau ni nani wamo humo. Moses hakumtazama.

"Shemeji, mle hamna mtu tena," alisema. "Samaki walishamaliza kazi zamani. Unataka kuzika nini, kutu?"

Ma Oretha akatoka. Kesho yake alikuja langoni na wanawake ishirini waliovaa nyeupe, kila mmoja na kiti chake, wakaketi katikati ya barabara. Malori ya mawe hayakupita, wala ya saruji. Walikaa siku ya kwanza, wakakaa ya pili. Mchana, nje ya lango, Ma Oretha aliwapikia wenzake. Bakuli la Moses halikwenda.

Siku ya tatu Bila-Kesho alitukusanya. Alituambia kwamba hakuna jina litakalosomwa mpaka wale akina mama waondoke, na kwamba Mholanzi ameanza kuulizia bandari nyingine. Sijui kama ilikuwa kweli. Tulikuwa wanaume kama mia mbili, na wengi hatukuwa tumekula tangu juzi. Mmoja akaanza kuwatukana. Akamwambia Ma Oretha kwamba mumewe alikuwa anazuia watu kula akiwa hai na anaendelea kuzuia akiwa mfupa. Watu wakacheka, na baada ya kicheko kile mambo yakawa mepesi. Sufuria ikapigwa teke, wali ukamwagika matopeni. Wale wanawake wengine walikimbia. Ma Oretha hakuinuka, kwa hiyo tukamnyanyua na kiti chake, wanaume wanne, tukamvusha barabara na kumtua kwenye mtaro wa maji machafu. Mguu mmoja wa kile kiti niliushika mimi.

Alinitambua. Nilikuwa nimekula Krismasi ngapi nyumbani kwake?

"Gbessagee," aliniambia, "shika vizuri usije ukaniangusha."

Ruben aliyaona yote kutoka dirishani kwake. Kesho yake asubuhi alitangaza kwamba kreni inayoelea inakuja kutoka Abidjan kuondoa mabaki mengine gatini, na kwa kuwa inakuja, itaiinua Mechlin nzima. Moses aliomba ruhusa ya kwenda Monrovia kwa matibabu ya macho. Akanyimwa, kwa sababu wazamiaji walimhitaji awaelekeze mahali pa kupitisha minyororo.

Iliinuliwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Mji mzima ulikuwa gatini. Kwanza lilitokea bomba la moshi, likiwa limevaa magugu, kisha kibanda cha nahodha kisicho na vioo. Maji yakamwagika kutoka kila tundu kwa muda mrefu, mpaka tukasahau kwamba tunasubiri. Wakaitua juu ya gati, juu ya magogo. Haikukatika. Na tulivyokuwa tukiizunguka, fundi mmoja wa kukata chuma aliita kwamba tuje tuone mlango wa chumba cha mbele.

Ulikuwa umefungwa kwa komeo la chuma upande wa nje. Kwenye komeo kulikuwa na kufuli, kubwa kama ngumi, limeota chaza.

Fundi akawasha moto wake akalikata. Mlango ulipovutwa lilitoka tope, na ndani ya tope ilikuwemo mifupa. Haikuwa imetawanyika chumbani. Yote ilikuwa imerundikana nyuma ya mlango, wanne kwa pamoja, huwezi kusema huu mkono wa nani. Ma Oretha alipiga magoti akachambua kwa vidole mpaka akapata kiatu cha kulia chenye soli iliyoongezwa, maana Garway alikuwa na mguu mmoja mfupi. Alikifuta kwa khanga yake. Kisha akamwita Moses kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita aje ale.

Moses alikuja. Watu walimpisha.

"Ulisema ni maji yaliyoubana mlango."

"Walinishikia bunduki, shemeji. Ningefanya nini? Walinilazimisha kufungua valvu ya maji ya bahari, kule chini kwenye injini. Maji yaliingia kwa valvu, si kwa risasi. Walinilazimisha."

"Na kufuli?"

"Walifunga wao."

Ma Oretha alikuwa akitikisa kichwa taratibu, na nadhani angemsamehe pale pale. Mtu aliyeshikiwa bunduki, utamfanya nini? Wengi wetu tulifanya mengi mbele ya bunduki. Lakini Bila-Kesho alikuwa amesimama nyuma yetu na orodha yake kwapani, na akaanza kucheka.

"Tarplah, mwambie na habari ya ufunguo," alisema.

Moses alisema hajui ufunguo wowote.

"Ah, bwana mkubwa, leo umesahau?" Bila-Kesho akawageukia watu, na akatueleza kama mtu anayesimulia mechi. Kweli alimshikia bunduki kwa ajili ya valvu. Lakini kabla ya kushuka kwenye boti yake alimpa Moses ufunguo wa lile kufuli. Akamwambia kwamba akimaliza kazi yake na valvu, awafungulie wenzake, wote waruke, hakuna atakayewapiga risasi. Ilikuwa ni mchezo tu. Yeye na vijana wake walikaa kwenye boti wakivuta sigara, wamewekeana dau kama atawafungulia. "Mimi nilisema atawafungulia. Ni marafiki. Tukamwona anatoka chini mbio, anapita mlangoni pale, hasimami hata kidogo, huyo, majini. Kelele za wale jamaa tulizisikia mpaka kwenye boti." Akamtazama Moses. "Ulinipotezea dau, bwana."

Ma Oretha aliinuka. Alimuuliza Moses ule ufunguo ulikuwa wapi aliporuka.

"Mfukoni," alisema Moses.

"Na ulizama mara ngapi?"

"Sikuzama. Niliogopa, shemeji. Tagi ililala upande, nikaona nikisimama pale nakufa. Nilisikia Jeremiah ananiita. Nilisikia. Niliogopa."

Ma Oretha hakumpiga, wala hakulia mbele yetu. Aliomba magunia manne ya mchele yaliyo matupu, akagawa mifupa kwa kukadiria, akavifunga vinywa vya magunia. Tulimsaidia kubeba. Tulimzika Garway na wenzake Jumamosi, na Moses hakuja.

Nilidhani kitu kitatokea baada ya hapo. Tume ya kuchunguza mambo ya vita ilikuja kutoka Monrovia, ikaandika maelezo ya watu kwenye ukumbi wa shule, ikaondoka. Bila-Kesho alitoa maelezo yake kwa ufasaha, akapigwa picha, na Jumatatu alikuwa langoni na orodha. Tagi mpya ilifika baada ya miezi miwili, na Moses akawa fundi wake, kwa sababu kwenye kaunti nzima hakukuwa na mwingine. Mafundi wengine wote walikuwa wamekufa. Ruben alimpa Ma Oretha kantini ya bandari. Nafikiri aliona haya kwa yale ya mtaroni, au alitaka tu anyamaze. Ma Oretha alikubali. Alikuwa na watoto wa kusomesha.

Siku ya kwanza ya kantini tulipanga foleni. Moses alikuwa katikati, mtu wa sita au wa saba. Ma Oretha alipakua, akapakua, na Moses alipofika mbele na sahani yake, yeye alimtazama mtu wa nyuma akamwambia, "Wewe, leta sahani." Akampakulia juu ya bega la Moses. Moses alisubiri. Akapakuliwa mwingine, na mwingine, mpaka foleni ikaisha. Ma Oretha akafunika sufuria.

Alirudi kesho yake. Alirudi wiki nzima. Sisi wengine tuliiga upesi, hatukuambiwa na mtu. Akiketi kwenye benchi, benchi linabaki tupu. Akiuliza saa, hakuna mwenye saa. Mjini wauza mikate walianza kusema mikate imeshaagizwa na wengine. Nilimwona akila mihogo mibichi chini, karibu na injini yake. Alikuwa bado anafanya kazi vizuri, na meli zilikuwa zinaingia. Meli ya kwanza ya magogo tuliipigia makofi, na yeye ndiye aliyeisukuma.

Bila-Kesho alikula kila siku. Hakupanga foleni. Ma Oretha alimwekea kichwa cha samaki, anachokipenda, na kumpa kiti chenye kivuli. Mimi hilo lilinishinda. Siku moja nilibaki nikamsaidia kuosha masufuria, nikamuuliza anawezaje kumlisha aliyetoa amri akamnyima aliyeogopa.

"Yule ana orodha," alisema. "Nikimnyima, kesho kantini ni ya mwingine." Akaendelea kusugua. "Halafu yule hakuwahi kula kwangu miaka mitatu huku ananiita shemeji."

Ilikuwa mwezi wa nane, mvua ile ya Buchanan isiyokata. Meli ya magogo ilikuwa inaingia na bahari ilikuwa mbaya. Tagi ilikuwa ubavuni mwa gati, Moses ametoka kutazama winchi iliyokwama, na kamba ya kuvutia ikakatika. Kamba nene ikikatika haina huruma. Ilimpiga mguuni, ikamtupa majini, kwenye nafasi kati ya tagi na gati.

Tulikuwa kama thelathini pale juu. Alikuwa anapiga maji kwa mikono, tagi inasogea na kurudi, kila ikirudi nafasi inapungua. Aliita. Hakuita jina la mtu. Boya lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo, na nguzo ile nilikuwa nimeiegemea. Niliwatazama wenzangu, nao wakanitazama. Sikumchukia Moses, nataka hilo lieleweke. Nilisubiri tu mwingine aanze.

Aliyekuja ni Bila-Kesho. Alitusukuma, akachomoa boya pembeni mwa bega langu akalitupa, akalala kifudifudi kwenye saruji, akamvuta Moses kwa kola akisaidiwa na baharia mmoja wa kigeni.

"Mnasimama kama mnatazama mpira," alituambia, akikung'uta shati. "Fundi mwenyewe ni mmoja. Akifa, nyie mtakula nini?"

Mguu ulikatwa juu ya goti. Kampuni ilimwandikia barua nzuri na kuagiza fundi kutoka Ghana.

Mchana ule ule wa ajali nilikwenda kantini. Ma Oretha alikuwa anakata majani ya muhogo, na habari zilikuwa zimeshamfika. Aliuliza nani amemtoa. Nilimwambia. Akauliza mimi nilikuwa wapi.

"Karibu," nilisema.

"Karibu kiasi gani?"

"Boya lilikuwa hapa." Nikamwonyesha bega.

Aliweka kisu chini, akanitazama usoni kwa muda mrefu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kiti. Kisha akachukua sahani, akanipakulia wali mpaka ukamwagika pembeni, akatia kisamvu, akaongeza vipande viwili vya samaki.

Nilikaa nikala wote.

Moses alipotoka hospitali alipakiwa kwenye lori la mbao linalokwenda Greenville, kwa dada yake. Dereva alimweka nyuma, juu ya mbao, kwa sababu mbele palikuwa na abiria. Nilikuwa langoni lilipopita. Alinipungia mkono. Mvua ilikuwa inanyesha, na meli mbili zilikuwa nje zinasubiri zamu ya kuingia.